Kuuliza Si Ujinga: Kuvuka nyika za Dakota na Montana kwa treni

Barua za safari hii karibu zote zimehusu treni moja, Empire Builder ya shirika la Amtrak, inayoondoka Chicago kila siku alasiri kwenda Seattle na Portland. Hadi Seattle ni kilomita 3,550 hivi, na kwa ratiba ni saa 46. Wasomaji wetu walioko Minnesota, Dakota Kaskazini na Washington wanaipanda kwa sababu inapita miji midogo ambako ndege ni ghali, na walioko nyumbani wanaiulizia kwa ajili ya ile siku nzima ya nyasi na ngano kati ya Fargo na milima ya Rocky. Majibu yetu yamekaa zaidi kwenye kipande hicho cha katikati.

Nasafiri na watoto watatu, wa miaka 9, 5, na mwaka mmoja na nusu, kutoka Fargo kwenda Spokane kwa shemeji. Kwenye simu nimeona tarehe 14, saa 3 na dakika kadhaa, mbele yake herufi A. Hiyo ni saa tatu ipi? Na hawa watoto wote wananilipisha?
*Mama wa watatu, Fargo*

Mama, hiyo ni saa 9 usiku, usiku wa tarehe 13 kuamkia 14. Mfungishe mdogo nepi ya usiku, watoke nyumbani jioni ya tarehe 13 wakiwa wamekula. Kila mwaka kuna wanaokwenda stesheni jioni ya tarehe 14 na kukuta treni yao imeshavuka nusu ya Montana. Ukifuatilia kama imechelewa, kumbuka pia kwamba treni yako (Empire Builder ya kwenda magharibi ni namba 7) itakayokufikia Fargo tarehe 14 ndiyo iliyoondoka Chicago tarehe 13. Ukiweka tarehe 14 kama siku ya kuondoka Chicago utasomewa habari za treni nyingine kabisa.

Nauli: aliye chini ya miaka 2 hapandi kwa malipo, mradi apakatwe, na mtu mzima mmoja anaruhusiwa mmoja tu wa namna hiyo. Wa miaka 2 hadi 12 hulipa nusu. Kwa hiyo ni tiketi moja ya mtu mzima na mbili za watoto. Ukitaka yule mdogo awe na siti yake (na kwa safari ya karibu saa 24 tunakushauri ulifikirie) mlipie nusu kama wenzake.

Siti hupangwa mnapopanda, na hapo ndipo familia hugawanyika. Saa 9 usiku behewa limejaa watu waliolala, na siti zilizobaki zimetawanyika. Mwambie kondakta mkiwa bado chini, kabla hujakanyaga ngazi, kwamba mko wanne na mnaomba kukaa pamoja. Siti ziko mbili kwa mbili, njia ikiwa katikati. Kinachowezekana kwa kawaida ni mbili za mbele na mbili za nyuma yake, au mbili kila upande wa njia. Juu ya kila siti mhudumu hubandika kikaratasi chenye kifupi cha kituo unachoshukia. Kikaratasi hicho ndicho kitakachomfanya aje kukuamsha Spokane, maana huko nako mtafika usiku, baada ya saa 7, usiku wa kuamkia tarehe 15. Mkihama siti, hameni nacho.

Spokane treni hugawanywa sehemu mbili: mabehewa ya mbele huenda Seattle, mengine Portland. Wewe unashukia hapo hapo kwa hiyo haikuhusu, ila watoto wasiwe wamelala kwenye behewa la watu wengine saa hiyo.

Mizigo ya kuingia nayo ni miwili kwa kila mwenye tiketi, kila mmoja usizidi kilo 23, pamoja na vifurushi vidogo viwili. Mikubwa iacheni kwenye rafu za ghorofa ya chini mnapoingilia. Mablanketi hayatolewi kwenye siti za kawaida, na kiyoyozi hakizimwi usiku hata kiangazi. Kanga mbili nzito hazitoshi. Beba blanketi la kweli kwa kila mtoto.

Kaka yangu amenikaribisha Seattle mwezi wa saba, na nitashukia Chicago. Nataka kuona hizo nyika zenyewe, si kulala nikazipita. Nikae upande gani, na niangalie nini?
*Kijana wa Mombasa*

Umebahatika kwenda magharibi. Treni ya kwenda magharibi huvuka Minnesota usiku na kupambazukiwa karibu na Devils Lake, Dakota Kaskazini, halafu mchana kutwa ni nyika mpaka jioni. Anayerudi mashariki huipata Montana mchana, lakini sehemu kubwa ya Dakota humpita gizani. Mwezi wa saba jua huko huzama baada ya saa 3 usiku, na mashamba ya kanola, mmea wa mafuta ya kula, yanakuwa ya njano hadi upeo wa macho. Ukichelewa hadi mwisho wa mwezi wa nane utakuta ngano nyingi imeshavunwa, limebaki vumbi la mashine.

Siti yako iwe upande wowote, usibishane na mtu. Baada ya Minot nenda kwenye behewa la kutazamia, ambalo vioo vyake vimepanda hadi darini na viti vyake vinatazama nje. Halina nafasi za kushikiwa. Lakini usilifanye kambi, kwa sababu wahudumu huwainua wanaoacha mablanketi na kwenda kulala.

Devils Lake ni ziwa lisilo na njia ya asili ya kutolea maji katika kina chake cha kawaida, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 2011 lilipanda na kumeza mashamba na barabara. Utaona miti iliyokufa imesimama majini. Tuta la reli lilibidi liinuliwe mwanzoni mwa miaka ya 2010, la sivyo treni hii ingehamishiwa njia nyingine, na miji mitatu ya hapo ingebaki bila stesheni. Baadaye kidogo ni Rugby, mji unaojitangaza kuwa kitovu cha kijiografia cha Amerika Kaskazini na wenye mnara wa mawe wa mwaka 1931 kuthibitisha dai hilo. Wanajiografia wamebishana nao, mnara bado upo.

Minot treni hujaza mafuta na maji, na ndicho kituo cha kushuka kunyoosha miguu. Ukisharudi ndani, kaa macho, kwani magharibi tu ya mji treni hupita juu ya bonde kwa daraja refu la nguzo za chuma. Kutoka Stanley hadi Williston ni nchi ya mafuta. Pampu zimetawanyika katikati ya ngano, zikiinama na kuinuka, na hapa na pale kuna ndimi za moto wa gesi inayochomwa. Ukivuka kuingia Montana rudisha saa nyuma kwa saa moja.

Kushoto kwako utakuwa na mto Missouri, kisha reli inauacha na kufuata mto Milk hadi Havre. Mwezi Mei 1805 mvumbuzi Meriwether Lewis aliandika kwamba maji yake yana rangi ya kikombe cha chai iliyotiwa kijiko cha maziwa, na ndipo jina likatoka. Utazame uone kama alisema kweli. Majina ya miji ya hapa yatakuchekesha: Glasgow, Malta, Harlem, Zurich, Havre, Kremlin, Inverness. Kampuni ya Great Northern, iliyofika pwani ya Pasifiki mwaka 1893, ilichora miji hii kando ya reli kabla ya kuwa na watu wa kuiita.

Ukichoka kutazama nyasi, hesabu maghala ya nafaka. Ndiyo majengo marefu pekee, na huonekana dakika kadhaa kabla ya mji wenyewe. Yalijengwa karibu karibu kwa sababu enzi za mikokoteni ya farasi mkulima alipaswa kupeleka ngano na kurudi kwake siku hiyo hiyo. Lori lilipokuja, sababu hiyo ilikwisha, na ndiyo maana maghala mengi utakayoyaona yamefungwa na miji yake imebaki nyumba chache.

Baada ya Havre geukia kulia. Vilele vitatu vilivyojitenga, vinavyoitwa Sweet Grass Hills, vitakusindikiza kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada, kwa muda mrefu kuliko unavyotarajia. Milima ya Rocky yenyewe hutokea mbele baada ya Shelby, mwanzoni kama mstari wa mawingu.

Baba mkwe wangu, mzee wa miaka 74, amekuja kututembelea kutoka Moshi na anataka kwenda Seattle kwa mwanawe mwingine. Ndege hataki. Magoti yanamsumbua. Kuna tofauti gani kati ya chumba kidogo na kikubwa, na je, siti ya kawaida itamfaa?
*Mkwe, Minneapolis*

Jambo la kwanza kulijua ni umbo la mabehewa. Yana ghorofa mbili, na njia ya kutoka behewa moja kwenda jingine iko juu tu. Ngazi ni nyembamba, imepinda, na treni inayumba. Mzee akikaa juu, atapanda mara moja na kisha kutembea bila ngazi hadi kwenye chakula, lakini vyoo vingi viko chini. Akikaa chini, choo kiko hatua chache, lakini chakula na behewa la kutazamia viko ng'ambo ya ngazi. Kwa mwenye magoti mabovu sisi tungechagua chini. Mhudumu wa behewa anaweza kumletea chakula akiombwa, lakini hakuna atakayemletea choo.

Siti za chini zipo chache katika baadhi ya mabehewa ya kawaida, na zimetengwa kwa wazee na wenye ulemavu. Huombwa wakati wa kukata tiketi. Siti yenyewe ni pana kuliko ya ndege, inalala nyuma sana na ina cha kuegemezea miguu. Kwa usiku mmoja inavumilika. Kwa mzee kutoka St. Paul hadi Seattle ni usiku mbili, na hapo tunamwonea huruma.

Chumba kidogo, Roomette, kina upana wa mita 1.07 na urefu wa mita 1.98. Mchana ni viti viwili vinavyotazamana, usiku vinaunganishwa kuwa kitanda, na kingine hushushwa kutoka darini. Hicho cha juu asikijaribu. Kina mikanda ya kumzuia mtu asianguke, na dari liko karibu na pua. Hakuna choo ndani. Kila behewa la kulala lina vyumba hivi 14, kumi juu na vinne chini. Vya chini ni namba 11 hadi 14, na huko huko ndiko kuna vyoo vitatu na bafu la kuogea. Omba mojawapo ya hivyo vinne mapema, kwa sababu huisha haraka. Chumba kikubwa kina choo na bafu ndani yake, lakini kiko juu. Kama mzee anatumia kiti cha magurudumu au hawezi ngazi kabisa, kuna chumba kimoja kwa kila behewa, chini, chenye choo, kilichotengwa kwa wenye ulemavu.

Bei ya chumba hutozwa mara moja, si kwa kichwa. Kila mtu hulipa nauli ya kawaida, kisha chumba kinaongezwa juu yake, na chakula cha wote waliomo kimeshalipiwa. Ndiyo sababu mtu wa kumsindikiza anagharimu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Vyumba hupanda bei kadiri vinavyokwisha, kwa hiyo tiketi ya kiangazi inunuliwe wakati wa baridi.

Nimesoma kwamba Marekani kuna sheria ya kuipa treni ya abiria kipaumbele mbele ya treni ya mizigo. Mbona basi kila anayesafiri huko anasimulia kukaa porini akisubiri mizigo ipite?
*Mpenzi wa reli, Nairobi*

Sheria ipo tangu 1973, miaka miwili baada ya Amtrak kuanza safari tarehe 1 Mei 1971. Lakini reli si ya Amtrak. Kutoka St. Paul hadi pwani njia karibu yote ni ya kampuni ya mizigo, BNSF, na anayeamua nani asubiri wapi ni mwongozaji wa kampuni hiyo aliyekaa mbele ya skrini mbali kabisa na hapo.

Halafu njoo kwenye urefu. Sehemu kubwa ya Dakota na Montana ni njia moja yenye vituo vya kupishania, kama ilivyo SGR yenu ya Mombasa hadi Nairobi. Treni mbili zikikutana, mojawapo lazima iingie pembeni. Sasa treni ya mizigo yenye urefu wa kilomita 3 haiwezi kuingia kwenye njia ya pembeni ya kilomita 2; ikijaribu, mkia unabaki umeziba njia kuu. Ya abiria, yenye mabehewa kumi hivi, inaingia popote. Kwa hiyo hata mwongozaji mwenye nia njema anaiingiza ya abiria, kwa sababu ndiyo pekee inayotosha. Kipaumbele cha kwenye karatasi hakirefushi njia ya pembeni.

Kuchelewa huzaa kuchelewa. Treni ya abiria ina miadi ya kupishana iliyopangwa mapema. Ikipoteza dakika 40 asubuhi, inafika kwenye kila miadi baada ya wenzake kuondoka, na sasa lazima ipangiwe upya kila mahali. Au inaangukia nyuma ya treni ya mizigo inayokwenda taratibu. Empire Builder inaruhusiwa maili 79 kwa saa, yaani kilomita 127, lakini mwendo huo hauna maana ukiwa nyuma ya mkia wa mtu. Ndiyo maana ratiba huwekewa dakika za akiba kabla ya vituo vikubwa. Usishangae treni iliyochelewa saa moja kufika mwisho wa safari kwa wakati, na usishangae kinyume chake.

Jambo jingine abiria hawalijui: kwa sheria, dereva na kondakta hawaruhusiwi kuwa kazini zaidi ya saa 12. Muda wao ukiisha treni inasimama ilipo, hata kama kituo kinaonekana kwa macho, mpaka waje wengine kwa gari. Katikati ya Montana hao wengine wanaweza kuwa mbali sana. Ukisikia kwenye kipaza sauti kwamba wafanyakazi wameishiwa muda, fungua chakula chako.

Kwa anayeunganisha safari: kama treni zote mbili ziko kwenye tiketi moja na ya kwanza ikachelewa, Amtrak hukupangia safari nyingine, na ikibidi mahali pa kulala. Kama umenunua tiketi mbili mbalimbali, au unakimbilia ndege, hasara ni yako. Ndege ya jioni ile ile unayofika Chicago ni kamari. Lala hapo, uruke kesho yake.

Januari iliyopita tulisimama saa nne karibu na Havre. Taa zikazimika, joto likapotea, na vyoo vikagoma. Walisema ni baridi tu. Baridi inawezaje kusimamisha treni?
*Msomaji, Portland*

Kwa njia tatu angalau, na mara nyingi huja pamoja.

Ya kwanza ni reli yenyewe. Chuma husinyaa kwa baridi, na reli za siku hizi zimeunganishwa kwa kuchomelewa kilomita kwa kilomita bila mapengo, kwa hiyo haina pa kusinyaa. Inabaki imevutika. Hufungwa chini ikiwa na joto la kama nyuzi 35 hadi 40 za Selsiasi ili isipinde kiangazi. Ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri, mvuto uliomo ni mkubwa kiasi kwamba ufa mdogo uliokuwa umejificha unaachia na reli inakatika. Uzuri ni kwamba mkondo wa umeme wa ishara hupita ndani ya reli hizo hizo. Reli ikikatika, mkondo nao hukatika, na taa inageuka nyekundu. Dereva anasubiri mafundi, au anaruhusiwa kusogea kwa mwendo wa kuotea usiozidi kilomita 32 kwa saa huku macho yakiwa kwenye reli.

Ya pili ni breki. Breki za treni hufanya kazi kwa hewa iliyoshindiliwa inayopita kwenye mabomba kutoka kichwa hadi mkia, na viungo vyake vina mpira. Baridi kali huukausha mpira ukavujisha. Treni ndefu ya mizigo haiwezi tena kujaza hewa hadi mwisho, kwa hiyo kampuni huzifupisha. Mizigo ile ile sasa inahitaji treni nyingi zaidi, na njia ni ile ile moja. Rudi kwenye jibu la kaka wa Nairobi.

Ya tatu ndiyo iliyowagusa nyinyi. Umeme wote wa mabehewa, wa taa, joto na jiko, hutoka kwenye injini ya mbele. Injini ikifa, au kebo kati ya mabehewa ikiachia, kila kitu kinazimika. Vyoo navyo huvuta kwa nguvu ya umeme, si kwa maji yanayoteremka. Umeme ukikatika havivuti. Usiendelee kubonyeza kitufe, na mwonye anayekufuata.

Desemba hadi Machi, basi, koti zito, kofia, soksi za sufu na buti viwe kwenye siti, si kwenye begi lililoko rafu ya chini wala ulilokabidhi. Beba lita mbili za maji kwa kila mtu, dawa za siku mbili zaidi, na betri ya kuchajia simu. Usitegemee intaneti ya treni, na mtandao wa simu hukatika kwa kipande kirefu kati ya mji na mji.

Joto nalo lina matata yake. Reli ikipanuka kupita kiasi husukumwa pembeni, kwa hiyo siku za jua kali mwendo hupunguzwa. Ajali ya treni hii karibu na Joplin, Montana, tarehe 25 Septemba 2021, iliua watu watatu, na wachunguzi wa NTSB, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, walitaja mchanganyiko wa mambo ya njia: reli iliyolika, njia iliyodidimia chini ya uzito, tuta lisilo imara, na reli kupinda kutoka mstari wake. Ukiona treni inakwenda taratibu kwenye tambarare nyeupe isiyo na kitu, usimlaani dereva.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, bado sijapata kadi ya kijani. Nasikia treni hupita karibu na mpaka wa Kanada na maafisa hupanda. Nibebe nini?
*Msomaji, Spokane*

Treni haivuki mpaka, lakini kipande cha Montana kiko karibu nao, na Havre ndiko makao ya kanda ya askari wa mpakani. Kanuni zinawaruhusu kupanda treni ndani ya maili 100 za mpaka, kama kilomita 160, na kuuliza uraia. Safari nyingi hupita bila kuwaona.

Sheria inamtaka asiye raia mwenye miaka 18 na zaidi abebe hati yake ya usajili. Kwako wewe ni fomu I-94 yenye alama ya ukimbizi, pamoja na kadi ya kazi kama unayo. Mwenye kadi ya kijani abebe kadi yenyewe. Nakala ya simu isiwe tegemeo lako. Hati zikae mwilini au kwenye mkoba wa siti, kamwe si kwenye begi ulilokabidhi, maana begi hilo hulifikii mpaka mwisho wa safari. Ukiulizwa una haki ya kunyamaza na kuomba mwanasheria. Lakini kujidai raia wakati si raia ni kosa litakalokufungia milango ya uhamiaji maisha yako yote. Kondakta naye anaweza kuomba kitambulisho chenye picha. Hilo ni jambo tofauti, usilichanganye.

Chakula chao siwezi kula nikiwa sijui kimechinjwaje. Naruhusiwa kubeba changu? Na kibla nitakijuaje treni ikiwa inakwenda?
*Bi wa Zanzibar, anayeishi Ohio*

Chakula chako unakula kwenye siti yako bila neno, ila si kwenye behewa la chakula. Wahudumu hawaruhusiwi kukupashia, kwa hiyo pika vinavyolika baridi na visivyotoa mchuzi. Mikate ya kumimina, chapati, mayai ya kuchemsha, kachori na tende vinafika salama. Siku ya kwanza weka biriani ukitaka, lakini usilibakize kwa ya pili. Mkahawa wa chini ya behewa la kutazamia huuza chai na maji ya moto. Lipa kwa kadi.

Kibla cha huko hukadiriwa kwa njia fupi ya juu ya duara la dunia, nacho huangukia kati ya kaskazini na kaskazini-mashariki: digrii 37 hivi ukiwa Minot, 29 ukiwa Havre. Treni ikielekea magharibi, hiyo ni kuume kwako na kurudi nyuma kidogo. Reli imenyooka sana nyikani, kwa hiyo mwelekeo haukupotei katikati ya rakaa kama ungekuwa milimani. Mahali penye nafasi ya kusimama ni ukumbi mdogo wa ghorofa ya chini karibu na rafu za mizigo, treni ikiwa mbali na kituo. Anayeswali kwa kukaa, siti yake inamtosha. Na usisahau ile saa moja inayorudi nyuma mpakani mwa Montana, itakubadilishia adhuhuri.

Tulioko Winnipeg hatuna treni ya namna hiyo?
*Msomaji, Winnipeg*

Mnayo The Canadian ya VIA Rail, Toronto hadi Vancouver, kilomita 4,466, mara mbili tu kwa wiki. Kwa ratiba ile ya magharibi huondoka Winnipeg usiku na kufika Saskatoon asubuhi, kwa hiyo Manitoba mtailala na nyika mtaipata Saskatchewan. Kabla hujamwahidi mtu wa Regina au Calgary kwamba utamfikia, jua kwamba tangu Januari 1990 treni hupita Saskatoon na Edmonton, si kwao. Akiba ya muda iwe kubwa zaidi ya ile ya Empire Builder. Mabehewa ni ya chuma kisichoshika kutu, yaliyotengenezwa na kampuni ya Budd mwaka 1954 na 1955, na mengi bado yana vyumba vya mtu mmoja ambavyo choo kiko chini ya kitanda. Kitanda kikishashushwa, choo hakifunguki mpaka ukirudishe ukutani. Usiku tumia kile cha kwenye ujia.